Majina kumi kutoka Adamu hadi Nuhu: kweli yanasomeka kama sentensi moja?

Mpekuzi_Nasaba

Wakuu, kuna fundisho linalosambaa sana kwenye magrupu ya WhatsApp na hata mimbarini, kwamba majina kumi ya Mwanzo sura ya 5, ukiyapanga kama yanavyofuatana, yanatoa injili nzima kwa ufupi. Orodha yenyewe huja hivi:

Adamu: mtu. Sethi: amewekewa. Enoshi: mwenye kufa. Kenani: huzuni. Mahalaleli: Mungu abarikiwaye. Yaredi: atashuka. Henoko: akifundisha. Methusela: kufa kwake kutaleta. Lameki: waliokata tamaa. Nuhu: pumziko.

Kisha yanaunganishwa: "Mtu amewekewa huzuni ya kufa, lakini Mungu abarikiwaye atashuka akifundisha kwamba kufa kwake kutawaletea waliokata tamaa pumziko."

Naomba wenye Kiebrania wanisaidie mambo matatu. Maana zipi hapo zinasimama na zipi zinayumba? Mtu asiyesoma Kiebrania ahakiki vipi jina mwenyewe bila kudanganywa? Na kwa nini majina ya ukoo wa Kaini katika sura ya 4 yanafanana mno na haya ya sura ya 5?

---

Konsonanti_Tatu

Adamu na Nuhu wapite. Waliobaki lazima wakaguliwe mmoja mmoja.

Adamu ni neno la kawaida la Kiebrania, *adam*, mtu au wanadamu, nalo linacheza na *adama*, ardhi, katika Mwanzo 2:7. Sisi tunalitumia kila siku bila kujua: binadamu ni "bin Adamu", na Kiebrania nacho husema *ben adam* kwa muundo uleule. Kitabu cha Ezekieli kimejaa mwito huo, nasi tunausoma "mwanadamu".

Sethi (*Shet*) amefafanuliwa na Mwanzo 4:25 kwa kitenzi *shat*, kuweka: Mungu ameniwekea uzao mwingine badala ya Habili. Angalia nani anafanya nini. Mungu ndiye aliyeweka, na kilichowekwa ni mtoto. "Amewekewa", kwa maana ya mtu aliyepangiwa huzuni, ni kauli iliyogeuzwa ili sentensi iende mbele.

Enoshi ni "mtu" kwa mara ya pili. Ni neno la mashairi, lipo Zaburi 8:4 na Ayubu 7:17. Ndugu yake wa Kiarabu ni *ins*, lile "insi" la "majini na insi". Kwa kuwa mashairi hulitumia mara nyingi pale yanapomtazama mtu kama kiumbe dhaifu, wafasiri wengine huongeza "mwenye kufa". Hiyo ni ladha ya muktadha. Ukiiandika kama maana ya neno, umetia chumvi.

Kenani (*Qenan*) linatokana na mzizi (konsonanti zinazobeba maana ya neno) uleule wa Kaini, q-y-n. Wanaosema "huzuni" wanalivuta kwenye *qina*, ombolezo. Lakini kwa upande wa Kaini mzizi huo unaelekea kwenye uhunzi: Kiarabu kina *qayn*, mhunzi, na mjukuu wa mbali wa Kaini, Tubal-kaini, ndiye mfua shaba na chuma katika 4:22. Neno *qayin* lenyewe linatumika kwa mkuki katika 2 Samweli 21:16. Kwa hiyo kati ya huzuni na chuma, mimi nashika chuma.

Mahalaleli ni *mahalal* + *El*. Mzizi ni h-l-l, uleule wa haleluya. Maana ni "sifa ya Mungu". "Abarikiwaye" kungehitaji b-r-k, mzizi ambao Mswahili anaufahamu kutoka baraka, mubaraka na kutabaruku. Hapa haupo kabisa. Kadhalika Mungu katika jina hili ndiye anayesifiwa, hajawa mtenda wa kitenzi kinachofuata.

Yaredi: hapa fundisho lina nguvu kidogo, tuseme haki. Konsonanti y-r-d peke yake zinaweza kusomwa *yarad*, alishuka, au *yered* yenye irabu ndefu, atashuka. Ila irabu zilizopokewa katika jina ni za nomino, kitu kama "mshuko". Wayahudi wa kale waliona mzizi huo pia, ila waliutumia kwa hadithi nyingine: Kitabu cha Yubile, andiko la kale la Kiyahudi, 4:15 kinasema siku za Yaredi ndipo malaika waliposhuka duniani.

Henoko (*Hanokh*), mzizi ḥ-n-k: kuzindua, kuweka wakfu, kumwanzisha mtu. Ndio mzizi wa Hanuka, ile sikukuu ambayo Yohana 10:22 katika Biblia ya Union inaitwa Kutabaruku. Mithali 22:6 inautumia kwa kulea mtoto, na "kufundisha" kumetoka huko. Mimi naona "kuzindua" kunafaa zaidi, maana Henoko wa sura ya 4 ndiye ambaye baba yake alijenga mji akauita kwa jina lake.

Lameki halina maana inayojulikana. Kiebrania cha Biblia hakina mzizi l-m-k. "Waliokata tamaa" kumetoka kwa watu walioona neno la Kiingereza la kuomboleza linaanza na herufi zilezile, wakadhani ni ndugu. Neno hilo limetoka Kilatini, *lamentum*, wala halijawahi kukanyaga Kanaani.

Methusela ameachwa kwa sababu anahitaji nafasi yake. Atakayekuja amalizie.

---

Mzee_wa_Silaha

Methusela nampokea mimi.

Jina limeandikwa m-t-w-sh-l-ḥ. Wanaolitafsiri "kufa kwake kutaleta" wanaligawa *mut* (kufa) na *shalaḥ* (tuma). Kuna makosa mawili. "Kufa kwake" kwa Kiebrania ni *moto* (samahani kwa wanaozima moto), huandikwa m-w-t-w, na ile w ya kwanza hukaa katikati ya m na t. Kwenye jina hili w iko baada ya t. Pili, *shalaḥ* ni "alituma", wakati uliopita. "Itatuma" ni *yishlaḥ*, na y hiyo haipo.

Sehemu ya kwanza, *metu*, ni neno la kale la "mwanamume, mtu". Kiebrania cha Biblia kimebakiwa na wingi wake, *metim*, k.m. Isaya 3:25. Kiakadi, lugha ya Babeli na Ashuru, kinalo katika umoja: *mutu*, mume, mwanamume. Sehemu ya pili, *shelaḥ*, ni silaha ya kurusha au ya mkononi. Iko Nehemia 4:17, wale wajenzi wa ukuta walioshika kazi kwa mkono mmoja na silaha kwa mwingine. Wapo wataalamu wanaoona *Shelaḥ* hapa kuwa jina la mungu, kwa hiyo "mtu wa Shelaḥ", hoja ambayo haijafa.

Sasa tazama: *mutu* + *shelaḥ*. Mtu wa silaha! Mswahili akisikia hivyo anaweza kuanza kuandika kitabu kwamba Methusela alikuwa Mbantu. Tulia. "Silaha" ni undugu wa kweli: tumeipata kutoka Kiarabu *silāḥ*, na s ya Kiarabu kukutana na sh ya Kiebrania ni jambo la kawaida, kama *salām* na *shalom*. "Mtu" ni sadfa tupu: yetu ni kiambishi m- (zamani mu-) juu ya shina la Kibantu -ntu, ndiyo maana wingi ni watu na m- inaanguka. *Mutu* ya Kiakadi ina m ndani ya mzizi, haitoki. Jina moja, nusu undugu wa kweli, nusu kufanana kwa bahati. Ukitaka kumfundisha mtu tofauti ya hayo mawili, hakuna mfano mzuri kuliko huu.

Kuhusu "akifa itatumwa", yaani gharika: watu huongeza hesabu, na hesabu katika matini ya Kiebrania inakubali. Methusela alimzaa Lameki akiwa na miaka 187, Lameki akamzaa Nuhu akiwa na 182, gharika ikaja Nuhu akiwa na 600. Jumla 969, umri uleule aliofia. Lakini fungua matini nyingine. Ya Wasamaria ina 67, 53 na 600, jumla 720, na umri wake huko ni 720: anafia tena mwaka wa gharika. Tafsiri ya kale ya Kigiriki (Septuaginta) ina 167, 188 na 600, jumla 955, huku umri ukibaki 969. Maana yake alibaki hai miaka 14 baada ya gharika, na hakuwamo safinani. Nakala nyingine za Kigiriki zina 187 badala ya 167, na hapo anafariki miaka 6 kabla. Tatizo hili lilimsumbua hata Agostino, aliyelijadili mwanzoni mwa karne ya 5.

Kwa hiyo tarehe ya kifo chake inategemea umeshika matini ipi. Jina halibadiliki.

---

Mama_Kamusi

Swali la tatu la mleta mada halijaguswa, niliweke mezani.

Sura ya 4: Kaini, Henoko, Iradi, Mehuyaeli, Methushaeli, Lameki.
Sura ya 5: Kenani, Mahalaleli, Yaredi, Henoko, Methusela, Lameki.

Badilishaneni nafasi Henoko na Mahalaleli, mtaona jozi sita. Mawili ni majina yaleyale kabisa, manne yanatofautiana kwa herufi chache. Zaidi ya hapo, Kenani ni mwana wa Enoshi, "mtu", kama Kaini alivyo mwana wa Adamu, "mtu". Lameki wa sura ya 4 anajivunia kisasi cha 77. Lameki wa sura ya 5 anaishi miaka 777. Wataalamu wengi huona nasaba moja ya kale iliyopokewa kwa njia mbili. Wanaoshika kwamba ni koo mbili tofauti hujibu kuwa majina ya ukoo hurudiwarudiwa, na hilo ni kweli pia kwetu, ambako mjukuu hupewa jina la babu.

Mwandishi wa Kiebrania mwenyewe hakuwa na tahajia moja. Katika mstari mmoja, Mwanzo 4:18, jina la Mehuyaeli limeandikwa kwa namna mbili, mara w mara y. Na Septuaginta inaandika *Mathousala* kwa Methushaeli wa sura ya 4 na kwa Methusela wa sura ya 5 bila tofauti. Ukiona mhubiri anajenga fundisho juu ya herufi moja ya jina lililomo humu, muulize ni herufi ya nakala gani.

Methushaeli, kwa taarifa, wengi humsoma kwa mtindo wa Kiakadi: *mutu sha ili*, mtu wa mungu. *Sha* hiyo ni "-a uhusiano" yetu.

---

Mtetezi77

Nimesoma yote, lakini nina pingamizi. Mnasema tusitafute ujumbe kwenye majina, ilhali Biblia yenyewe inafanya hivyo! Mwanzo 5:29 inasema waziwazi kwa nini Nuhu aliitwa Nuhu. Na 4:1 kuhusu Kaini. Na Kutoka 2:10 kuhusu Musa. Kama Musa na waandishi waliruhusiwa, kosa la mhubiri ni lipi?

---

Konsonanti_Tatu

Pingamizi zuri, mkuu. Tuichukue hiyohiyo 5:29.

Nuhu ni *Noaḥ*, kutoka n-w-ḥ, kutulia, kupumzika. Lakini Lameki anamweleza kwa kitenzi *yenaḥamenu*, "atatufariji", ambacho mzizi wake ni n-ḥ-m. Mizizi miwili tofauti inayogongana kwa sauti. Mwana wa "atatufariji" angeitwa Nahumu au Menahemu. Warabi waliliona zamani: katika Mwanzo Raba, ufafanuzi wao wa kale wa kitabu cha Mwanzo, Rabi Yohanani anasema jina haliendani na ufafanuzi wala ufafanuzi hauendani na jina. Watafsiri wa Septuaginta nao waliona, wakaandika "atatupumzisha" ili lilingane.

Kaini vivyo hivyo. Hawa anasema *qaniti*, nimepata, mzizi q-n-h. Jina ni q-y-n.

Musa: binti Farao anasema amemtoa majini, kitenzi *masha*. Lakini *Moshe* kwa umbo lake ni "atoaye". Aliyetolewa angekuwa *mashui*. Wengi hulipeleka jina kwenye Kimisri *ms*, kuzaliwa au mwana, kama linavyokaa mwishoni mwa Thutmose.

Mfano mkali kuliko yote ni Samweli. Hana anasema amemwomba kwa Bwana, kitenzi *sha'al*. Aliyeombwa kwa Kiebrania ni *sha'ul*, yaani Sauli! Na katika 1 Samweli 1:28 neno *sha'ul* lenyewe limo, akiambiwa Samweli. Mwandishi aliyejua kwamba Sauli anakuja sura chache mbele hakuandika hivyo kwa bahati mbaya.

Sasa kosa la mhubiri: anachanganya kazi mbili. Mwandishi wa Mwanzo anacheza na sauti, kama mshairi wetu anavyocheza na "kaa" na "kaa". Hasemi "hii ndiyo asili ya neno". Mhubiri anakuja na kusema "kwa Kiebrania jina hili *maana yake* ni hii". Hapo ameingia uwanja wa sarufi, na sarufi humpima. Angesema tu kwamba majina yanamkumbusha jambo fulani, nani angembishia?

Halafu hakuna mstari mmoja wa Biblia unaounganisha majina hayo kumi. Nuhu na Sethi ndio pekee kati ya kumi waliopewa ufafanuzi wa jina ndani ya simulizi.

---

Mpekuzi_Nasaba

Ahsanteni sana. Swali la pili bado: mimi sina Kiebrania, nina Biblia ya Union, Habari Njema, na programu ya simu yenye namba za Strong (kila neno la Kiebrania lina namba yake). Nianzie wapi?

---

Mama_Kamusi

Namba za Strong zitumie kama anwani ya nyumba tu. Ukiandika H4968 unafika kwa Methusela, H5146 kwa Nuhu, H3929 kwa Lameki. Hapo inafaa. Lakini maelezo mafupi yaliyo pembeni ni ya mwaka 1890, kabla ya maandishi mengi ya Mashariki ya Kati ya kale kufukuliwa, na mara nyingi yanakupa mzizi unaokaribia kwa sura kisha yanaacha wewe uongeze maana. Kwa Lameki hata Strong mwenyewe anakiri mzizi haujulikani.

Ukishafika kwenye anwani, nakili konsonanti za Kiebrania. Hapa ndipo Kiswahili kinapokuangusha, kwa sababu alfabeti yetu inabeba herufi kadhaa za Kiebrania katika moja. H yetu inabeba *he* na *ḥet*. S inabeba *samekh*, *sin*, mara nyingine *tsade* na hata *shin*. *Alefu* na *ayini* zinatoweka kabisa. Ndiyo maana Sela wa Mwanzo 11 (sh-l-ḥ, ileile silaha ya Methusela) na Shela mwana wa Yuda katika Mwanzo 38 (sh-l-h) ni majina mawili tofauti ingawa masikioni yanakaribiana. Kinyume chake, Henoko wa Mwanzo 5 na Hanoki mwana wa Reubeni katika Mwanzo 46:9 ni jina moja, herufi kwa herufi. Watafsiri tu ndio walioandika tofauti.

Linganisha pia Union na Habari Njema. Union ina Nuhu, Habari Njema ina Noa. "Nuhu" limekuja kwa njia ya Kiarabu *Nūḥ*, likabaki na ḥ ya mwisho kama h. "Noa" limepitia njia ya Kigiriki, ambacho hakina sauti hiyo, ikamwagika njiani. Kwa mtafuta mizizi, majina yetu ya njia ya Kiarabu (Nuhu, Habili, Haruni, Sulemani, Ismaili) mara nyingi yametunza konsonanti vizuri kuliko ya njia ya Kigiriki. Lakini usilifanye sheria. Isa na Yesu yatakuvuruga mara moja.

Baada ya konsonanti, tafuta jina la Mungu ndani ya jina. *-eli* mwishoni au *Eli-* mwanzoni ni El. *-ia*, *-ya* mwishoni, au *Yo-*, *Yeho-* mwanzoni, mara nyingi ni Yahweh kwa ufupi. Kilichobaki kwa kawaida ni kitenzi au nomino: Refaya, "Yah ameponya"; Obadia, "mtumishi wa Yah", pacha wa Abdallah. Mrundi au Mnyarwanda aitwaye Hakizimana, "Mungu ndiye aponyaye", hana haja ya kufundishwa kwamba jina linaweza kuwa sentensi kamili.

Na kama jina la Mungu halipo, huenda lilikatwa. Nathani ni kitenzi tupu, "ametoa". Nani? Nathania analo jibu, Elnathani pia. Ni kama Abdu mtaani: mtumwa wa nani? Kila mtu anajua limekatwa.

Tahadhari kubwa: usiongeze viunganishi. "Kwamba", "lakini", "kutawaletea", vyote hivyo katika sentensi ya majina kumi havimo katika jina lolote.

---

Kigae_cha_Samaria

Naongezea jambo ambalo kamusi ya simu haitakupa: umbo la jina la Mungu linasaidia kujua jina limetoka wapi na lini. Kwenye mihuri na vigae (vipande vya vyungu vilivyoandikwa) vya Yuda, kabla ya uhamisho, mwisho wa jina ni *-yahu*. Kwenye vigae vya Samaria, vilivyofukuliwa mwaka 1910 na vya karne ya 8 KK, ni *-yaw*. Baada ya uhamisho wa Babeli *-yah* fupi inazidi kuenea. Mwaka 1982, katika Mji wa Daudi huko Yerusalemu, ulipatikana muhuri wa udongo wenye maandishi "Gemaryahu mwana wa Shafani", na jina hilo na la baba yake vipo Yeremia 36:10.

Vigae vya Samaria vina pia majina yenye Baali. Hii inafungua nasaba ya Sauli. 1 Nyakati 8:33-34 inamtaja Eshbaali na Merib-baali. Kitabu cha Samweli kinawaita Ishboshethi na Mefiboshethi. *Boshet* ni aibu: wanakili walichukizwa na Baali wakaweka "aibu" mahali pake. Nyakati, ingawa iliandikwa baadaye, ndiyo iliyotunza umbo la kale. Na si jina la kubuni: mtungi wa Khirbet Qeiyafa, uliotangazwa mwaka 2015, una "Ishbaali mwana wa Beda". Huyo ni mtu mwingine, jina ni lilelile.

Kumbukeni pia kwamba si kila jina katika nasaba za Kiebrania ni la Kiebrania. Zerubabeli ni Kibabeli, "mbegu ya Babeli". Finehasi, mjukuu wa Haruni, ni Kimisri, *pa-nehesi*, "Mnubi", mtu wa kusini. Ukilisaka Finehasi kwenye mizizi ya Kiebrania utapata kinywa cha nyoka, na nimeona kimehubiriwa.

---

Mtetezi77

Nimekubali hoja ya sarufi. Lakini basi niambieni: hakuna kabisa mahali ambapo orodha ya majina inasomeka kama sentensi?

---

Konsonanti_Tatu

Papo. Nashangaa hapahubiriwi.

1 Nyakati 25:4, wana wa Hemani mwimbaji. Wako 14. Wa kwanza ni majina ya kawaida: Bukia, Matania, Uzieli, Shebueli, Yerimothi. Kisha kuanzia wa sita: Hanania, Hanani, Eliatha, Gidalti, Romamti-ezeri, Yoshbekasha, Malothi, Hothiri, Mahaziothi.

Soma Kiebrania. *Gidalti* ni "nimekuza". *Romamti* ni "nimeinua". Vitenzi vya nafsi ya kwanza! Hilo ni nadra mno katika majina ya Kiebrania. Kwa kawaida Mungu ndiye mtenda, nafsi ya tatu. *Eliatha* ni karibu herufi kwa herufi *Eli atta*, "Mungu wangu ni wewe". *Ezeri* ni msaada. *Yoshbekasha* linagawanyika vizuri kuwa *yoshev* (akaaye) na *kasha* (ugumu, shida). *Malothi*, nimenena. *Hothiri*, zidisha. *Mahaziothi*, maono.

Sogeza irabu chache kwenye Hanania na Hanani, unapata ombi la kawaida la zaburi, na yote yanakwenda hivi:

Unirehemu, ee Yah, unirehemu.
Wewe ndiwe Mungu wangu.
Nimekuza, nimeinua msaada;
nikikaa katika shida nimenena:
zidisha maono.

Mistari ya mwisho wafasiri wanaivuta huku na huku, lakini ya kwanza imeshika. Wengine hudhani ni zaburi iliyogeuzwa majina, wengine kwamba kila jina lilikuwa neno la kwanza la wimbo ulioimbwa na zamu fulani. Zamu zilikuwa 24: wana 4 wa Asafu, 6 wa Yeduthuni, 14 wa Hemani. Bila majina hayo tisa Hemani angebaki na watano, na 24 isingetimia.

Linganisha na majina kumi ya Mwanzo 5. Hapa viunganishi havikuongezwa, nafsi za vitenzi zinakubaliana, na msamiati ni wa zaburi, mdomoni mwa ukoo wa waimbaji. Kule ilibidi kupinda majina saba.

---

Pwani_Kusi

Nachelewa ila siwezi kupita. Mkitoka sura ya 5 kwenda ya 10 na 11, kumbukeni kwamba majina mengi huko ni ya mataifa na miji, yamevikwa ubaba na uwana. Mizraimu ni Misri, na *-ayim* yake ni mwisho wa uwili. Ludimu, Anamimu na wenzao wana *-im*, wingi. Ni sawa na sisi kuandika "Misri akamzaa Waludi". Yavani ni Ionia, ndilo lililotupatia Wayunani kwa njia ya Kiarabu. Serugi, Nahori na Tera wa sura ya 11 wote wanalingana na majina ya miji ya eneo la Harani, mji ambao Tera anafia. Eberi ni "ng'ambo", na Yoshua 24:2 inasema mababu walikaa ng'ambo ya Mto.

Na kwa watu wa Lamu na Mombasa, tazameni Mwanzo 10:26, wana wa Yoktani: Hazarmawethi. Ndiyo Hadhramaut, kule walikotoka Washihiri na koo nyingi za masharifu wa pwani yetu. Maandishi ya mawe ya Kusini mwa Uarabuni yanaandika jina hilo kwa ḥ-ḍ-r-m-t, na ḍ hiyo katika Kiebrania huwa ts. Mwandishi wa Kiebrania akasikia *ḥatsar mavet*, ua la mauti. Waarabu nao wakasikia *ḥaḍara* na *mawt*, mauti yamehudhuria. Lugha mbili, kila moja imelipa jina la mahali hadithi yake, na zote zimekutana kwenye mauti kwa sababu m-w-t ni mzizi wao mmoja, huohuo ambao wahubiri walitaka kuuingiza ndani ya Methusela.